Namba ya Kurithi

Darasa la kemia la mwaka wa tatu lilikuwa na urithi wake: 24.6. Hizo ndizo mililita walizoandika wanafunzi wa miaka iliyotangulia katika jaribio la kupima chumvi kwa nitrati ya fedha, na ndizo walizoandika hawa nao, wengine bila hata kulowesha bureti, ule mrija wa kupimia. Wakio peke yake ndiye aliyepima. Akapata 31.2.

"Wewe unajifanya msomi," alisema Nzau, mwenzake wa meza, ambaye hakumpenda tangu walipopangwa pamoja. "Andika kama wengine twende tukale."

"Nimepima mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu."

Dakta Danson, mhadhiri wao, aliona vivyo hivyo. Mbele ya watu arobaini aliliinua daftari la Wakio kwa ncha za vidole, akasema mkono uliozoea jembe usilazimishwe kushika bureti. Darasa likacheka. Akamwandikia sifuri. Wakio alikuwa ameshaanguka jaribio moja kwa huyo huyo Danson, na la pili lingemrudisha mwaka mzima nyuma.

Hakulia. Alienda kwenye sinki kunawa. Mfereji ulikuwa mkavu, akajimiminia maji ya jerikeni la maabara, yale yale yaliyoyeyushiwa chumvi ya jaribio, maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa hadi yasibaki na chumvi hata chembe. Akasugua sabuni. Haikutoa povu. Akasugua tena, mikono ikabaki na utando mweupe wa kunata.

Mtoto wa Wundanyi hafundishwi maji. Kwao milimani sabuni kidogo tu hujaza beseni povu. Ni huku chini Voi, kwenye chumba alichopanga Kaloleni, ndiko alikokutana na maji ya kisima yanayomaliza kipande kizima cha sabuni kwa blauzi mbili. Na haya yalikuwa ndiyo hayo.

Akayachota kwenye chupa ya kioo, akamfuata Danson kabla hajatoka, akadondosha humo tone la nitrati ya fedha. Katika maji safi tone hilo hupotea. Humu maji yaligeuka meupe kama tui.

"Hii ni chumvi ya kisima, Daktari. Mimi nilipima nilichopewa. Hawa wengine 24.6 waliitoa wapi?"

Akaulizwa Morris, fundi wa maabara. Alisema huku akitazama viatu vyake kwamba mtambo wa kukeneka maji uliharibika mwaka juzi, kwamba yeye hujaza jerikeni kisimani, na hakuna aliyewahi kulalamika maana majibu huja sawa kila mwaka.

Danson alifuta alama zote, pamoja na ile sifuri. Hakuomba radhi. Jaribio lingerudiwa wiki iliyofuata kwa maji ya kununua.

Wiki hiyo Wakio alichukiwa waziwazi. Akiketi, meza inahamwa. Kwenye WhatsApp ya darasa aliitwa mchongezi, na Nzau akaandika kwamba kuna watu walizaliwa kuharibia wengine. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi.

Siku ilipofika, kila meza iliwekewa chupa mpya ya maji ya chumvi, na kwenye lebo Danson alikuwa ameandika nguvu mpya ya chumvi iliyomo, ndogo kuliko ile ya kwanza. Wakio aliisoma. Akapima: 18.3, 18.3, 18.4. Wenzake walimimina kidogo kwa ajili ya macho ya mhadhiri, wakaandika 24.6. Maji sasa ni safi, walinong'onezana, kwa hiyo namba ya zamani imerudi kuwa kweli.

Nzau alichungulia. "Kumi na nane? Umeletewa maji safi na bado unakosea. Safari hii unarudia mwaka, na mimi nitakuja kukuaga."

"Dakika tano," alisema Danson.

Neno moja lingetosha kuwaonya. Wakio aliitazama migongo ile iliyokuwa imemgeukia wiki nzima, na kweli aliichukia. Akaigeuza chupa lebo imwelekee Nzau. Akalisogeza daftari lake, likiwa wazi, hadi upande wa Nzau wa meza. Kisha akaenda kunawa kwa maji ya kununua yaliyosalia, na sabuni ikatoa povu tele.

Aliporudi, daftari lilikuwa pale pale. Hakuna aliyelinakili; madaftari mengine yote yalibaki na 24.6.