Usukani Aliouchonga Baba

Mzazi akililia wembe, mnyime. Wahenga walisema mtoto apewe, kwa kuwa akijikata atajifunza, na ngozi yake itaziba upesi. Baba yangu alishajifunza yote aliyotaka kujifunza, na ngozi yake haizibi upesi.

Mashine yake ya kuchonga chuma imesimama bandani nyuma ya jiko tangu sijazaliwa. Ni ya mkono: juu kisu kinazunguka, chini kuna meza nzito yenye jiliwa la kubania kazi, na fundi huisogeza meza kwa kuzungusha usukani mdogo unaochomekwa kwenye ncha ya moja ya skrubu zake mbili ndefu. Baba aliuzungusha kama mtu anayebembeleza mtoto. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Vipuri vya pampu vikawa vinarudishwa na wateja, matundu yamekwenda upande, naye akawa anavitumbukiza kwenye pipa la vyuma chakavu kabla mama hajaviona.

"Wewe si una diploma ya umeme?" aliniambia asubuhi moja bila kunitazama. "Hebu ifundishe hii ijisogeze yenyewe."

Nikaifundisha. Nilifunga mota upande mmoja wa kila skrubu, nikavuta nyaya hadi kwenye kompyuta kuukuu niliyoivika mfuko wa plastiki isile vumbi la chuma. Meza iliposogea yenyewe mara ya kwanza, mama alirudi nyuma hadi akakanyaga ndoo.

"Ina shetani hii!"

"Shetani gani mwenye vipimo vizuri hivi?" baba akajibu, akacheka mpaka akakohoa.

Vipuri viliacha kurudi. Shida ilikuwa upande wa pili wa skrubu. Usukani ulibaki pale, na mota ikivuta, nao unazunguka kwa kasi, pamoja na kile kishikio chake kilichochomoza. Baba alikuwa na mazoea ya kuuwekea kiganja wakati kisu kinakula. Hakuwa akishika tu; alikuwa akisikiliza. Kwa kiganja alijua kisu kimekuwa butu, au skrubu imelegea, au chuma kina kipande kigumu ndani. Mimi hayo nayajua kwa kutazama. Yeye aliyajua kwa ngozi.

Siku kishikio kilipompiga, kilimchana kidole mpaka mfupa ukachungulia. Mama aliambiwa ni mlango.

"Mlango gani huo unaotoa grisi?" mama akauliza, huku anamfunga kitambaa.

Nikauvua usukani. Akaurudisha. Nikauvua tena, safari hii nikaupeleka kwa muuza vyuma chakavu. Nikadhani yamekwisha. Nilikwenda mjini kutafuta mkanda wa mota. Niliporudi nikakuta usukani mpya umekaa pale pale, wa alumini, na kishikio chake, unameremeta kama sufuria ya bi harusi.

"Umenunua wapi?"

"Nani kanunua?" Akaielekezea kompyuta kidevu.

Nilifungua skrini. Amri zilikuwa pale, mstari chini ya mstari, alizoandika mwenyewe kwa kidole chenye kitambaa. Kila nilipotaka kumfundisha alikuwa akinijibu kwamba hizo herufi zangu hazimhusu. Kumbe alikuwa akinichungulia begani! Duara lile lilikuwa kamili, la namna ambayo mikono yake, hata ilipokuwa mizima, isingelitoa kwenye mashine ile. Nilitamani kuwaita majirani waje waone.

"Baba, hili duara..."

"Safi, eh?"

"Safi sana."

Akaweka kiganja juu ya usukani wake mpya, na kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe cha kuanza.

Nilirukia kitufe chekundu. Meza ikasimama. Kishikio kilikuwa kimefika kwenye kifundo cha mkono wake, bado unywele tu kimguse.

"Unaniogopea bure," akasema. "Mdundo wake nimeshaujua."

Alipoingia ndani kula, nilichukua grainda nikazikata ncha za skrubu zote, moja baada ya nyingine, zikawa sawa na ubavu wa meza. Hapakai usukani tena pale, wa kununua wala wa kuchonga.

Baba alisusa. Hakuingia bandani, na mimi hakunisemesha. Jumapili akaja shangazi, dada yake mkubwa, ambaye huitwa kwenye kila ugomvi wa nyumba yetu kama zimamoto, na kama zimamoto hutanguliwa na kelele zake.

"Umemkata baba yako mkono!" akaanza kabla hajakaa.

"Nimekata chuma, shangazi. Mkono ule pale, ameushikia kikombe."

"Wifi, unausikia mdomo huo?"

"Nimeuzaa mimi," mama akasema. "Nausikia kila siku."

Baba akaweka kikombe chini. "Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

Akafikiri. Kuhusu milango anaweza kudanganya. Kuhusu mashine, hapana.

"Nisingekubali."

"Basi."

"Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Mashine ile ilikuwa ikisema naye kwa njia moja tu, na njia hiyo nimeikata yeye akiwa anakula. Huenda atazoea kutazama skrini kama mimi. Huenda asirudi kabisa, na banda likawa langu peke yangu, jambo ambalo sikulitaka hata siku moja. Mota zile nilizifunga ili tufanye kazi wawili.

"Anasema kweli," nikamwambia shangazi.

"Haya! Kama unajua ni kweli, piga goti umwombe radhi, yaishe, tunywe chai."

Niliitazama mikono ya baba juu ya meza. Ilikuwa ikitetemeka, na vidole vyote vilikuwepo.

"Chai nitawapikia," nikasema. "Radhi siombi."