Ndege Hawa, Ndege Hizi

Itangazwe kwa wakazi wote wa kaskazini mwa Mafia kwamba Jumanne asubuhi Bi Mwanamkuu alishiriki Mkutano Mkuu wa Mpango Shirikishi wa Kutunza Makazi ya Ndege Walio Hatarini. Alishiriki akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, maana viti viliishia kwa wageni.

Alikuwa ametembea saa nzima hadi Kirongwe, viganja vimejaa malengelenge. Kwa siku tisa, peke yake, alifyeka kichaka cha shamba lake la ufukweni, akang'oa na visiki. Shamba lenyewe ni mihogo na minazi sita. Ndilo linalomlisha tangu mwanawe Mudrik aende Muscat, miaka kumi na moja sasa. Simu ya Mudrik huja Idi kwa Idi, mtandao ukikubali.

Afisa, Bwana Taufiki, alibandika ramani ukutani. Shamba la Bi Mwanamkuu, shamba la jirani yake Bwana Baqir mwenye duka Kilindoni, na msitu wa kijiji vitatunzwa kama eneo moja. Kila mwenye ardhi ameshapelekewa barua na fomu, ameshaweka saini au dole gumba.

Bi Mwanamkuu akainuka.

"Shikamoo, Bibi. Una swali?"

"Marahaba. Nimeshafyeka kote, peupe kama kiganja. Nauliza tu, ndege ya kwanza itatua lini? Nimwambie mwanangu asishukie Dar."

Watu wakaangua kicheko.

"Bibi kafungua uwanja wake!"

"Tupimie mizigo, Bibi!"

Bwana Taufiki hakucheka. "Bibi, ni ndege wa manyoya. Wanataga kwenye kichaka hicho hicho."

"Barua imesema ndege hizi zitatua kwangu. Hizi."

Afisa akaichukua barua mkononi mwa Bibi, akaisoma. "'Ndege hawa hutua na kutaga katika shamba lako.' Hawa, Bibi."

"Basi nirudishieni dole langu."

"Haiwezekani. Fomu imeshaingia kwenye mfumo. Na makubaliano umeyavunja, hutalima pale mpaka kichaka kiote tena."

"Nitakula nini?"

"Hilo liko awamu ya pili."

Bwana Baqir akakohoa. "Kwani ofisi haikutuma mtu akamsomee? Alisomewa na nani?"

Bwana Taufiki akajishughulisha na kona ya ramani. Bi Mwanamkuu akageuka taratibu mpaka macho yake yakanifikia mlangoni, nilikokuwa nikicheka na wenzangu.

"Zuena," akasema. "Si wewe unayesoma bweni? Nisomee tena, mwanangu. Polepole."

Nikaipokea barua. Nilipofika kwenye "hawa", nikaishusha. Nikakiri mbele ya wote: nilibadilisha maneno mawili matatu tu, likizo ilikuwa imenichosha, nikataka kumcheka kidogo jirani yetu. Lakini siku ile nilipomsomea alinitangulia kucheka yeye, kwa furaha, akaniuliza kama ndege zikitua hapa, Mudrik atakuja.

Nilimwambia atakuja.