Akiba ya Doña Hersilia

Jirani yangu Doña Hersilia alikuwa akiuza mikate ya mahindi na jibini hapa Siachía, mji wetu mdogo chini ya mlima. Kwa miaka kumi na miwili aliweka akiba kwenye ushirika ili ajenge ghorofa ya pili. Katika mkutano wa mwaka, meneja alitutangazia faida nono: fedha zetu zilikuwa zimenunua hisa za kampuni iliyokuwa ikichimba makaa ya mawe huko mlimani. Tukapiga makofi. Hersilia alipiga kuliko wote.

Tukiwa tunatoka, Don Abdénago, fundi wetu wa mabomba, alimwuliza kama anajua maji anayokandia unga yanatoka wapi. Akajibu kwamba yanatoka bombani, yatoke wapi tena. Abdénago hakucheka. Alimwambia Jumapili avae buti za mpira.

Nilifuatana nao. Hersilia alikuwa na miaka sitini na mmoja, amezaliwa chini ya mlima ule, na hakuwahi kufika juu. Tulipanda asubuhi nzima, mpaka miti ikaisha na ukungu ukatufunika. Ndani yake ilisimama mimea mirefu kama watu, maelfu kwa maelfu, majani yake yana manyoya laini kama masikio ya sungura. Ukungu ulipoyagusa uligeuka matone, na matone yakateremka hadi kwenye udongo mweusi. Mto hatukuuona, ila chini ya miguu yetu, kila mahali, maji yalikuwa yakisikika.

Abdénago alisema mmea ule hurefuka upana wa kidole kwa mwaka. Hersilia akautazama mmoja uliompita kimo, akavua kofia. Akaligusa jani kwa ncha za vidole, kama anayegusa shavu la kichanga. 

Jumatatu alikwenda kutoa fedha zake. Meneja akamweleza kwamba angepoteza faida ya mwaka mzima.

"Faida hiyo nilishaipigia makofi, mwanangu," alimwambia. "Inatosha. Nipe zangu."

Binti yake Yolima alikasirika kweli. "Mama, yaani utabaki chini ya bati kwa ajili ya majani?"

"Kwa ajili ya maji unayochemshia kahawa," Hersilia akasema, akaendelea kukanda.

Yeye na chama cha watumiaji maji wa mji wetu wakanunua malisho yaliyopakana na mimea ile, kabla mwenye nayo hajawauzia wachimbaji. Ghorofa haikujengwa. Kampuni ingali inachimba upande wa pili. Sisi wengine tulichukua mwaka mzima kumfuata na kutoa fedha zetu, na tulikuwa saba tu.

Siku ya kuweka uzio kwenye malisho hayo, Yolima alikuja kushika waya, bado amenuna. Ghafla Abdénago akainua mkono. Dubu mweusi, macho yake yamezungukwa na weupe kama miwani, alitoka kwenye ukungu hatua ishirini hivi kutoka tulipokuwa. Akakaa chini, akang'oa mmea wa miiba, akala kiini chake taratibu huku akitutazama.  Alipomaliza, akageuka na kwenda zake.

Yolima aliuachia waya. "Mama," akanong'ona, "kumbe hapa pana mwenyewe."

Hersilia alikuwa amepiga magoti kwenye matope.