Dakika Kumi na Moja

Kwa mabibi wa Kizanzibari wa huko Omani, kutoka Nizwa hadi Sur, gazeti lilikuwa Bi Fawziya wa Ibra. Kiarabu cha magazeti kiliwapiga chenga, basi kila asubuhi yeye huisoma habari simuni, akairikodi kwa Kiswahili, akawatumia kwenye grupu la ukoo. Na tuseme kweli, mama yule alijua kuhadithia. Chumvi hakuionea choyo, Mungu amsamehe.

Mwezi wa Februari ikaja habari ya nchi ya mbali: mtu kafukuzwa kazi, kawavamia wenziwe kwa kisu. Bi Fawziya akaitolea dakika kumi na moja. Akaeleza alivyojibanza stoo, alivyongoja watu wakae kula, alivyotoka taratibu, shingo kaikaza, hamwogopi mtu. Akampachika na jina, Mwamba. Mabibi wakamwomba arudie.

Dada yake, Basma, alikuwa na mwana, Laith, aliyeachishwa kazi kwenye kiwanda cha tende huko Al Qabil. Laith aliusikia ujumbe ule kwenye simu ya mamaake, akajitumia kwenye simu yake. Wiki tatu baadaye alijibanza stoo ya kiwanda, akangoja watu wakae kula, akamchoma kisu msimamizi wake, Hisham. Hisham yu hospitali mpaka leo, figo moja hana.

Basma hakuweza kuinuka kwa kilio, kwa hiyo polisi walipowaita jamaa zake Laith, Bi Fawziya ndiye aliyekwenda. Afisa alikuwa muungwana. Alimkaribisha kahawa, kisha akafungua simu ya Laith.

"Mama, kijana wenu amesikiliza kitu hiki mara arubaini. Sisi Kiswahili hatukijui. Nifasirie."

Sauti ya Bi Fawziya mwenyewe ikakijaza chumba, imechangamka kama ya harusini. Afisa hakujua ni ya nani. Bibi angeweza kusema ni ngano za wazee, na nani angembishia? Moyo ulimtuma hivyo hasa. Lakini mpwa wake yumo ndani, Hisham yu kitandani, na yeye kakaa hapa anapewa kahawa. Aliona haya.

Akafasiri neno kwa neno. Afisa aliandika mpaka mwisho, akainua uso.

"Na haya yote yalikuwa kwenye habari?"

"La, mwanangu," alisema Bi Fawziya. "Habari ilikuwa mistari mitatu. Stoo na chakula nimetunga mimi."