Kofia ya Alvah

Zamani hizo, pale Ohio, Marekani, vijana wa chuo waliocheza ule mpira wa kukumbatia na kuangushana walikuwa hawavai kofia. Walifuga nywele tangu kiangazi, zikawa nene kama godoro, ndiyo kinga ya kichwa. Alvah naye alifuga, na msimu mzima timu yao haikufungwa. Ikabaki mechi moja, ya sikukuu ya Shukrani, na siku moja kabla yake dada yake Hester anaolewa.

"Kanisani huingii na hayo manyoya," mama akamwambia. "Utamtisha mchungaji."

"Mama, bila nywele kocha hanipangi!"

"Basi chagua, mwanangu."

Sasa Alvah, jamani, alimpenda sana dada yake. Akanyolewa, akacheza na bibi harusi, akala keki, lakini roho yote iko uwanjani.

Kesho yake kocha akakitazama kile kichwa, akaguna, akamrushia kofia ya ngozi, ya kufungwa kidevuni kama kitambaa cha bibi kizee, ambayo hakuna aliyewahi kuitaka. "Vaa hiyo au ukae benchi."

Emmett, mwenzake wa mstari wa mbele, akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, bibi yangu kaja kucheza!"

Alvah akaivaa, uso unawaka kwa aibu. Walipoingia uwanjani watu wakazomea, wengine wakamwita bibi. Ila ile ngozi ilifunika masikio kabisa, bwana. Alipokaza kamba kidevuni, kelele zote zikawa kama mvua ya mbali, akainama kwenye matope, akacheza.