Akafagia Ua Mpaka Njiani

Mvua ndiyo iliyomponza Zam. Isingenyesha, shemeji yake Sule angebaki nje kama kila Jumapili, akingoja kikundi cha wasomaji kimalize warudi wote Koboko. Kamisi, mume wa Zam, alipokuwa njiani kwenda kazini Juba alipiga simu, akaagiza hivyo: mkewe asikanyage mjini Arua, kikundi kinakokutana, bila Sule. Sasa Sule alikuwa ndani, ameketi karibu na mlango, na hadithi iliyokuwa ikisomwa ilikuwa ya Zam.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Hadithi ya mmoja wao husomwa bila jina, watu huyapima maneno, kisha mwandishi husimama. Zam aliipenda desturi hiyo mpaka leo.

Mwalimu Paska alirudia sentensi: "Mume alipotoka na begi lake, mke akachukua ufagio, akafagia ua mpaka njiani." Akainua kichwa. "Kwa nini mwandishi kachagua 'akafagia'? Angeweza kusema alilia."

"Mwanamke iko safi," akasema Moris, fundi wa simu. "Bwana naenda, yeye nachapa kazi."

"Hapana, naficha uchungu," akasema Linda, aliyekimbia vita Sudan Kusini. "Bwana yangu akienda, mi nafua nguo mpaka mikono nauma."

Wenzao wakaitikia. Zam alitamani kuwakumbatia wote kwa kutojua kwao. Lakini Sule alizaliwa katika nyumba ya askari, Koboko, ambako safari ina miiko yake. Kwao, mtu akisafiri, ua haufagiwi siku hiyo. Anayefagia nyayo za msafiri anaomba asirudi. Na Zam alikuwa amefagia kweli, asubuhi ile Kamisi alipoondoka, shavu likiwa limevimba. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wake ulikuwa kalamu. Kesho Kamisi anarudi, na ndugu yake amesikia kila neno.

"Haya, mwandishi asimame," akasema Paska.

Akasimama Sule.

"Ni mimi naandika hiyo."

Watu wakageuka. "Basi tuambie, bwana," Paska akasema, "kwa nini 'akafagia'?"

"Hataki bwana arudi. Yeye nachoka kupigwa."

Zam hakuthubutu kuinua uso.

Walipotoka, alimfuata Sule kwenye tope. "Shemeji, nakuomba, usiambie Kamisi."

"Kamisi iko najua. Siku ile aligeuka kwa njia, akaona wewe na ufagio. Ndiyo sababu yeye natuma mimi kuchunga wewe." Sauti yake ilishuka. "Kesho yeye nafika. Mimi nitasema ulipotea kwa soko. Wewe lala kwa mwalimu. Gari ya Koboko usipande."

Akaenda garini peke yake. Alipoushika mlango, mkono ulimtetemeka hata akashindwa kuufungua mara moja. Kumbe naye alimwogopa Kamisi. Zam akageuka, akakimbia kwa Paska.