Paka Walikuwa Wamekwisha

Shaibu alikuwa anapiga msasa geti la mteja wa kule Mtumba, magharibi inakaribia, mbwa mmoja jike alipokuja akasimama nje ya karakana yake pale Chang'ombe na kusema, "Baba, shikamoo."

"Marahaba," Shaibu alijibu, akaendelea na msasa. Sauti aliijua. Yusra alizoea kuivuta ile "Baba" kama mtoto anayetaka hela ya ubuyu. Arobaini yake ilikuwa imesomwa Ijumaa iliyopita.

Alipomaliza upande mmoja wa geti ndipo alipoinua macho. Mbwa alikuwa mwembamba, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Mbwa wa namna hiyo walijaa mtaani. Watumishi wa serikali wanahamia mjini, wanapanga nyumba zenye ukuta, wanatafuta mbwa wa kubweka usiku. Wakihamishwa hupakia makochi na friji, mbwa wanamwacha getini. Mmoja wa hao ndiye aliyemng'ata Yusra mguuni akitoka madrasa. Zahanati wakamwosha kidonda kwa sabuni, wakasema chanjo imekwisha, arudi Jumatatu. Jumatatu pia haikuwepo. Shaibu alizunguka kwingine, kote akaambiwa maneno yale yale. Mwisho mtoto akaanza kuogopa maji ya kwenye kikombe.

"Kwa nini mbwa?" Shaibu aliuliza. "Si ungekuja paka?"

"Paka walikuwa wamekwisha, Baba. Wakasema nisubiri Jumatatu. Nikaona nitachelewa."

Shaibu aliona hilo ni jibu la kawaida. Akafunga karakana, wakaenda nyumbani.

Nyumbani kwa Shaibu paka wa mtaa mzima waliingia na kutoka. Walilala hata kwenye mkeka wa kuswalia na hakuna aliyewafukuza. Lakini mbwa ni mbwa. Shaibu ni mtu wa Kondoa, na kwao mate ya mbwa yakigusa sufuria, sufuria huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Yusra alisimama mwenyewe kizingitini.

"Najua, Mama. Siingii."

Mwanamvua aliacha kuchambua mchele. Akamwangalia mwanawe, kisha akaenda kupakua ugali na mlenda.

"Umekonda," alisema.

"Majalalani hamna kitu siku hizi."

Mama akakaa upande wa ndani wa kizingiti, binti upande wa nje, wakaulizana habari za ndugu mpaka adhana ya isha.

Dorkasi, jirani wa ukuta mmoja, alikuja asubuhi kuomba chumvi, akamkuta Yusra amejikunja kwenye vumbi, upepo wa Julai unampiga.

"Mleteni kwangu," alisema. "Sisi Wagogo mbwa wetu wanalala hata jikoni."

"Mwanangu alale kwa watu na mimi niko hai?"

"Basi mwingize ndani, mzee. Au hiyo nyumba yako inamtaka paka mwizi, binti yako haimtaki?"

"Dorkasi, chumvi umepata. Nenda kapike."

Dorkasi alicheka, akaenda. Shaibu hakucheka. Usiku huo alitoa godoro lake nje, akalitandika barazani, akalala na Yusra miguuni. Alfajiri alijiosha mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo akatia udhu. Ikawa hivyo kila siku. Ngozi ya mikono yake ikapasuka. Mwanamvua akawa anaipaka mafuta ya alizeti.

Wiki hiyo likapita gari la matangazo. Kipaza sauti kikasema kuwa mbwa wote wazururaji wataanza kupigwa risasi Alhamisi, na mwenye mbwa wake akamchanje na kumvisha kola.

"Mimi ni mzururaji, Baba?"

"Una kwenu," Shaibu alisema. Akachukua kamba ya katani. "Samahani, mwanangu," akamfunga shingoni.

Chanjo ilikuwa inatolewa uwanja wa mpira. Kijana wa idara ya mifugo, Marko, alikuwa amekaa chini ya turubai, boksi la barafu miguuni pake, na foleni ilikwenda haraka.

"Jina la mbwa?"

"Yusra."

"Yusra nani?"

"Yusra Shaibu."

Marko akamshika ngozi ya shingo, akamdunga. Yusra alitazama mbele kama alivyofundishwa kutazama mbele kwenye sindano. Shaibu alichungulia ndani ya boksi. Vichupa vilikuwa vimepangwa safu kwa safu mpaka juu.

"Hii ni ya ugonjwa gani, kijana wangu?"

"Kichaa cha mbwa, mzee."

"Na inatosha?"

"Ya mbwa inatosha kabisa. Mwaka jana tulibakiza."

"Na ya watu?"

"Ya watu siyo idara yetu, mzee." Marko alimvisha Yusra kola nyekundu, akafunika boksi ili barafu isiyeyuke.

Shaibu alisimama pale ameshika kamba mpaka mtu wa nyuma yake akasema, "Mzee, sogea basi, tunaungua jua."

Njiani Yusra alisema, "Haikuuma, Baba. Kumbe ni kitu kidogo hivi."

Shaibu aliifupisha kamba, wakavuka barabara.

Alhamisi zilisikika risasi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Yusra alilala barazani na kola yake nyekundu, hakuna aliyemgusa. Lakini mbwa wa mjini hawamaliziki. Watumishi wengine walihamishwa, mageti yakabaki na mbwa wengine, na mmoja wao akamng'ata Ikram, binti wa Hasani, aliyekuwa akikaa na Yusra jamvi moja madrasa. Zahanati walimwosha kidonda kwa sabuni. Chanjo, walisema, imekwisha.

Jioni Hasani alikuja akakaa barazani kwa Shaibu. Alimtazama Yusra muda mrefu.

"Chanjo ya huyu mlipata wapi?"

"Uwanjani," Shaibu alisema. "Ni ya mbwa."

Hasani aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaaga, akaenda kuzunguka kwingine, kule kule Shaibu alikozunguka.

Yusra alimsikiliza mpaka hatua zake zikaishia.

"Ikram anaogopa kulala peke yake, Baba," alisema.

Akasogea kwenye godoro mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaacha nafasi.